Hatari zilizojificha saluni: Mteja huondoka, msusi hubaki nazo

BARABARA itokayo Tegeta kupitia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo Mjini imejaa biashara ndogo ndogo pande zote mbili, na miongoni mwa zile zisizokosekana karibu na kituo cha daladala ni saluni. Nyingine zimo katika fremu za maduka, nyingine ndani ya makontena, na nyingine kwenye baraza za nyumba za kuishi.

Biashara hiyo haikosi wateja. Harusi za mwambao zina mahitaji yake ya hina, singo na mapambo ya bi harusi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) huleta wanafunzi na wageni wa tamasha, watalii hulala katika hoteli za ufukweni, na wakazi wa viunga vya Dar es Salaam vinavyozidi kusogea kaskazini hutaka kusukwa na kunyolewa karibu na nyumbani.

Hata hivyo, ndani ya chumba hicho kimoja hukutana vitu ambavyo kiwandani vingetengewa vyumba tofauti: kemikali kali, umeme, maji, moto na nyembe. Mteja hukaa humo saa mbili au tatu kisha akaenda zake. Msusi hubaki kutwa nzima, siku 6 au 7 kwa wiki, mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu hiyo, usalama wa saluni hupimwa kwanza kwa hali ya yule anayefanya kazi humo. Anayemlinda msusi huwa amekwisha kumlinda mteja kwa sehemu kubwa, lakini anayemfikiria mteja peke yake anaweza kumwacha msusi akiumia kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Kihatarishi na kiwango cha hatari

Wataalamu wa usalama mahali pa kazi hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja la hatari. Kihatarishi ni kitu chenye uwezo wa kudhuru, kama vile kopo la dawa ya nywele lililoko kabatini. Kiwango cha hatari ni uwezekano wa kitu hicho kumdhuru mtu, pamoja na ukubwa wa madhara yenyewe.

Kopo lililofungwa kabatini lina hatari ndogo. Kopo lilelile likifunguliwa na msusi asiyevaa glavu, katika chumba kisicho na dirisha, hatari yake hupanda mara moja. Kemikali haikubadilika, kilichobadilika ni namna inavyomfikia mtu.

Kwa hiyo ukaguzi wa saluni hauanzi na woga wa kila kitu. Huanza kwa kupita chumbani hatua kwa hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye beseni la kuoshea, na kuuliza maswali matatu: kuna nini hapa, kinamfikia nani, na kinamfikia kwa njia gani.

Dawa inayonyoosha huweza kuunguza

Dawa za kunyoosha nywele hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo lake la kujikunja. Nyingi hutumia hidroksaidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huijua kwa jina la kostiki. Zile zinazouzwa kama zisizo na kostiki kwa kawaida hutumia hidroksaidi ya kalsiamu, inayochanganywa na dawa ya pili muda mfupi kabla ya kupakwa. Zote ni alikali kali, na zote zinaweza kuunguza ngozi na kujeruhi jicho.

Majeraha mengi ya kichwani hutokana na mambo yanayotabirika: kichwa kilichokunwa au kufumuliwa muda mfupi kabla ya dawa, muda uliozidi ule ulioandikwa kwenye kopo, na usuuzaji wa haraka kwa sababu maji yanachotwa kwenye ndoo. Hili la mwisho lina uzito mahali ambapo bomba halitoi maji kila siku. Saluni isiyo na maji ya kutosha siku hiyo inaweza kusuka na kuseti nywele, lakini haipaswi kuweka dawa. Dawa ikiingia jichoni, jicho husuuzwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kusita, kisha mtu hupelekwa hospitali.

Kwa msusi, tatizo huchukua sura nyingine. Mikono inayolowa maji, shampuu na dawa kutwa nzima hukauka, hupasuka na kuwasha, na ngozi iliyopasuka hupitisha kemikali kwa urahisi zaidi. Unga unaotumika kuondoa rangi ya asili ya nywele huwa na chumvi za pasalfeti, ambazo zinajulikana kusababisha pumu ya kazini. Dalili yake ni kifua kubana na kikohozi kinachopungua siku ya mapumziko na kurejea siku ya kazi. Msusi anayeona mtiririko huo anapaswa kumweleza daktari kazi anayoifanya, maana bila kauli hiyo anaweza kutibiwa kifua miaka mingi na chanzo kisiguswe.

Suala la saratani limechunguzwa pia. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilichapisha tathmini iliyoiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, kutokana na kemikali wanazokutana nazo wafanyakazi hao.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Makadirio yalikuwa asilimia 1.64 kufikia umri wa miaka 70 kwa wasiotumia, na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano na hauthibitishi chanzo, na ugonjwa wenyewe si wa kawaida, lakini ni sababu tosha ya kupunguza idadi ya mara za kuweka dawa na kuongeza hewa chumbani.

Hewa ya fremu

Fremu nyingi hujengwa zikiwa na mlango mpana mbele na ukuta mtupu nyuma. Hewa huingia lakini haina pa kutokea. Kontena ni baya zaidi, kwani bati lake hupata joto kali, na joto huongeza kasi ya kemikali kugeuka mvuke.

Wapo wenye saluni wanaoamini kuwa kiyoyozi kimemaliza tatizo hilo. Kiyoyozi cha ukutani huchukua hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha humo humo. Mvuke wa dawa, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na vumbi la kucha za bandia hubaki ndani, tena milango ikiwa imefungwa ili baridi isitoke.

Hatari hiyo huonekana wazi katika huduma ya kunyoosha nywele inayojulikana kama keratini. Baadhi ya dawa zake huwa na fomaldehaidi, au kemikali inayoitoa inapopata joto. Hii ndiyo kemikali iliyomo ndani ya fomalini inayohifadhi maiti, na IARC iliitangaza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Msusi akipitisha pasi ya nywele yenye joto la nyuzi 200 au zaidi juu ya nywele zilizopakwa dawa hiyo, mvuke hupanda moja kwa moja usoni pake. Macho yanayotoa machozi na koo linalochoma ni dalili kuwa hewa ya chumba imekwisha kuharibika.

Dawa yake kwa mwambao si ghali. Kwa miezi mingi ya mwaka upepo wa kusi au wa kaskazi hupita pwani bila malipo. Tundu lenye wavu juu ya ukuta wa nyuma, likielekeana na mlango, huruhusu upepo kupita. Pale ambapo ukuta hauwezi kutobolewa, feni ielekezwe kutoa hewa nje badala ya kuizungusha, na kazi zenye mvuke zifanywe karibu na mlango.

Piko na mkorogo

Hina safi ya majani huacha rangi ya kahawia au nyekundu, na huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Piko huacha weusi wa kupendeza kwa muda mfupi. Weusi huo kwa kawaida hutokana na parafenilenidiamini, kemikali iliyokusudiwa kupaka rangi nywele. Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi.

Baadhi ya watu ngozi zao huikataa kemikali hiyo, zikavimba na kutoa malengelenge yanayofuata ua lililochorwa, wakati mwingine yakiacha kovu. Aliyekwisha kupata mzio huo huweza kubaki nao maisha yake yote, na siku atakapopaka nywele rangi nyeusi akavimba uso mzima.

Ugumu uliopo ni kwamba mwitiko wa kwanza unaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Kufikia hapo mtalii amekwisha kurudi kwao na bi harusi amemaliza fungate. Mchoraji anayesema hajawahi kuona mteja aliyedhurika huenda anasema kweli, lakini hilo si ushahidi kuwa hakuna aliyedhurika. Piko ikimezwa ni sumu kali inayovimbisha koo na kuharibu figo, hivyo haipaswi kuachwa kwenye kikombe au chupa ya soda mahali wanapopita watoto.

Mkorogo una historia yake. Ni mchanganyiko wa krimu na losheni za kung'arisha ngozi, mara nyingi ukitengenezwa na kufungashwa bila maelezo yoyote. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hukondesha ngozi, huleta mabaka meusi yasiyotoka na, kwa upande wa zebaki, hudhuru figo. Anayekoroga na kupaka kwa mikono mitupu hupokea sehemu ya sumu ya kila mteja.

Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kilo moja ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyoongezwa zebaki ifikapo mwaka 2025.

Umeme, moto na chumvi ya bahari

Hewa ya Bagamoyo ina unyevu na chumvi, na vyote viwili hula shaba na chuma. Soketi iliyofungwa karibu na ufuko hupata kutu ndani mapema, miguso yake hulegea, na mguso uliolegea hutoa joto. Plagi iliyobadilika rangi ikawa kahawia ni onyo la moto.

Hesabu ya mzigo nayo ni rahisi. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Draya mbili za wati 1,800 kila moja hufikisha wati 3,600. Zikichomekwa kwenye ekstensheni moja inayotoka kwenye soketi hiyo, mzigo umekwisha kupita kiasi hata kabla ya kuongeza pasi ya nywele. Kila draya inastahili soketi yake ukutani, mbali na beseni, na saluni nzima ilindwe kwa waya wa ethi na swichi inayokata umeme wenyewe pale unapovuja.

Umeme unapokatika, jenereta huwashwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu kabla hajajua anavuta nini. Jenereta haiwekwi ndani, barazani wala chini ya dirisha. Gesi hiyo hutoka pia kwenye jiko la mkaa linalochemshia maji ya kuchovyea rasta, na kwenye chetezo cha udi ndani ya chumba kilichofungwa.

Rasta na mawigi mengi ni plastiki. Huyeyuka na kunata kwenye ngozi yanapowaka. Kuchoma ncha za rasta kwa kibiriti huku kinyozi wa jirani akipuliza spiriti ni kukutanisha moto na mvuke unaowaka. Sufuria ya maji ya moto ikae chini ukutani, nje ya njia ya watu na mbali na watoto. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe mahali inapoonekana.

Wembe, mashine na sanduku la taa

Kwa vinyozi, hofu ya wateja wengi ni virusi vya Ukimwi. Virusi hivyo ni dhaifu vikiwa nje ya mwili. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo watu wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata wakiwa wachanga. Kinyozi na msusi wa umri huo wanafaa kuulizia kipimo na chanjo hospitalini.

Wembe uwe mpya kwa kila mteja na utupwe katika chombo kigumu chenye mfuniko. Vifaa vinavyoweza kuloweshwa hutiwa katika mchanganyiko wa sehemu 1 ya Jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji kwa dakika 10, kisha huoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Mashine ya umeme hailoweshwi: nywele huondolewa kwanza kwa brashi, kisha meno yake hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Kupuliza spiriti juu ya meno yenye nywele na mafuta hakusafishi, na mapunye huendelea kusafiri kutoka kichwa hadi kichwa.

Sanduku lenye taa ya bluu linaloonekana katika saluni nyingi lina mipaka yake. Mwanga wake, ukiwa wa aina inayoua vijidudu, hufanya kazi pale tu unapogusa. Upande wa chini wa kifaa, na sehemu iliyofunikwa na uchafu, hubaki kama ulivyokuwa. Ni mahali pa kutunzia kifaa kilichokwisha kusafishwa, si mbadala wa kukisafisha.

Kupanga lipi lianze

Baada ya kuorodhesha vihatarishi, kila kimoja hupewa alama 1 hadi 3 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 3 kwa ukubwa wa madhara, kisha alama huzidishwa. Kuungua kwa dawa ya nywele, jambo la mara kwa mara lenye madhara ya wastani, hupata 3 mara 2, yaani 6. Jenereta barazani, jambo la nadra lakini linaloua, hupata 1 mara 3, yaani 3.

Hapo ndipo hesabu inapohitaji busara. Kinachoweza kuua hushughulikiwa siku hiyo hiyo hata kama alama zake ni chache, hasa pale ambapo kukiondoa hakugharimu chochote zaidi ya kusogeza jenereta.

Utatuzi nao una ngazi. La kwanza ni kuondoa kabisa, kama kuacha mkorogo. La pili ni kubadilisha, kama kurudi kwenye hina safi badala ya piko. La tatu ni kutenga na kupitisha hewa. La nne ni utaratibu: kupima muda kwa saa, kumjaribu mteja rangi nyuma ya sikio saa 48 kabla. Glavu na barakoa huja mwisho, kwa sababu hutegemea mtu kukumbuka kila mara, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali.

Wajibu ni wa nani

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), haikuandikwa kwa ajili ya viwanda tu. Humtaka mwajiri kusajili eneo lake la kazi na kuwakinga wanaofanya kazi humo. Usafi wa majengo ya biashara huangaliwa na maofisa afya wa halmashauri. Usimamizi wa vipodozi, uliokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na huko ndiko mwenye shaka na kopo la krimu anakopaswa kupeleka taarifa.

Katika saluni nyingi msusi hulipwa kwa kichwa, na baadhi ya wenye saluni huona kuwa glavu na afya yake ni shauri lake mwenyewe. Lakini msusi hachagui ukuta utobolewe wapi, waya upitishwe vipi, wala dawa ipi inunuliwe kwa jumla Kariakoo. Mwenye uamuzi juu ya mambo hayo ndiye mwenye wajibu nayo.

Ndiyo maana daftari la matukio, lenye tarehe, dawa iliyotumika na aliyeumia, lina thamani kuliko linavyoonekana. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko, WCF, unaomlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Msusi mwenye pumu, asiye na mkataba wala kumbukumbu yoyote, hupata taabu kuthibitisha kuwa ugonjwa wake ulianzia kwenye beseni la saluni na si mahali pengine.

Mteja naye ana sehemu yake. Kabla ya kukaa kitini anaweza kuangalia kama ukuta wa nyuma una tundu la hewa, kuuliza dawa itakayotumika iko katika kopo gani, na kutazama mikono ya anayetaka kumhudumia. Mikono iliyopasuka na kubabuka humweleza mengi kuhusu saluni hiyo kuliko bango lililoko mlangoni.